Tusikimbie kwa Kipimo cha Kuazima

Hotuba hii ilitolewa baada ya Sala ya Alasiri katika uwanja wa Mkunguni, Lamu, mbele ya wakimbiaji wa asubuhi na wageni wao. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakujaliwa kufika.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mlioketi mbele, kina mama, walimu wenzangu, vijana, wageni mliotoka Shela, Matondoni na Kipungani, na ninyi mliovuka maji kutoka Manda: ahsanteni kwa kuitika mwaliko. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo. Mtu anayekimbia kwa kujifurahisha, asiyetafuta medali wala posho, afanye nini ili hamu yake isife? Waandaaji wa kikao hiki waliniambia kwamba kila mwaka huanza watu wengi, na baada ya miezi michache hubaki wale wale, tena wakiwa wamechoka.

Jibu la haraka, ambalo naona baadhi yenu mmekwisha kulishika mkononi, ni uvivu. Mimi jibu hilo silikubali. Mtu anayeamka kabla ya adhana ya Alfajiri kukanda unga wa mahamri ni mvivu? Mtu anayeshinda juani akipakua mawe na saruji kutoka jahazini ni mvivu? Mvivu ni nani katika mji ambao karibu kila safari ya sokoni, hospitalini na msikitini huendewa kwa miguu? La hasha. Hoja yangu jioni hii ni kwamba wengi wetu huacha mbio kwa sababu tunajipima kwa vipimo tulivyoazima kwa watu wengine: kasi ya kuazima, saa ya kuazima, hata ushujaa wa kuazima. Wahenga walitwambia habari ya nguo ya kuazima na kile isichokisitiri, lakini heshima ya kikao hiki hainiruhusu kuimalizia methali hiyo.

Nianze na kasi. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ni nani kati yetu hakushangilia? Ugawanyeni muda ule kwa umbali huo na mtapata kiasi cha dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Kwa hesabu ya hapa nyumbani, ni kutoka mjini hadi Shela, mwendo wa kama kilomita 3, kwa muda usiofika dakika 9. Tena kumbukeni kwamba mbio zile hazikuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na wasindikizaji walikuwa wakipokezana mbele yake njia nzima. Yaani hata Kipchoge mwenyewe, siku ile, alihitaji barabara iliyochaguliwa, hali ya hewa iliyongojewa, na kundi la mabingwa wa kumkinga upepo. Sisi tunataka kujipima naye tukiwa peke yetu, tukimpisha punda aliyebebeshwa mchanga.

Kuna kijana mmoja fundi wa mashua, nami nina ruhusa yake kusimulia, aliyeanza kukimbia katika miezi ya kusi, yaani upepo wa kusini, akaweka katika simu yake programu inayotangaza kwa sauti muda wa kila kilomita. Mwezi wa Julai mambo yalikwenda vizuri, simu ikamsifu. Ulipofika Februari, simu ile ile ikaanza kumwambia kwamba kila kilomita inamchukua muda mrefu zaidi kuliko zamani. Akaongeza nguvu. Simu ikasema bado. Akaongeza tena, akawa anarudi nyumbani kichwa kinamgonga, hataki chai wala kusemeshwa, na kabla ya masika kuanza alikuwa ameacha kabisa, akiamini kwamba mwili wake umeharibika.

Mwili haukuharibika. Ulikuwa ni msimu wa kaskazi, yaani upepo wa kaskazini wa miezi ya joto. Katika joto na unyevu wa pwani yetu jasho hutiririka badala ya kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili; kwa hiyo moyo hulazimika kupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili joto litoke, huku misuli nayo ikidai damu yake, na matokeo yake moyo hupiga mbio zaidi kwa mwendo ule ule uliokuwa mwepesi mwezi wa Julai. Simu haikujua hayo. Simu haikujua kwamba usiku ule hapakuwa na upepo. Simu haikujua kwamba kijana alikuwa ameshinda akiranda mbao tangu asubuhi. Simu ilijua namba tu, na yule kijana akaiamini kuliko mwili wake.

Basi tupime kwa nini? Ninapendekeza kipimo ambacho kila mtu wa mji huu amezaliwa nacho, nacho ni gumzo. Ukiwa unakimbia na unaweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kutweta, mwendo wako ni mzuri. Ukibaki na neno moja moja, punguza. Msidhani kwamba hiki ni kipimo cha wanyonge: wakimbiaji wakubwa wa Iten na Kaptagat, katika siku zao za mbio nyepesi, huanza kwa mwendo wa taratibu kiasi kwamba mgeni huona kama wanatembea. Wao huwa na siku za kukimbia kwa nguvu na siku za kukimbia kwa upole, wala hawazichanganyi. Sisi tunaokimbia kwa starehe tunageuza kila siku kuwa siku ya mtihani, kisha tunashangaa kwa nini hatuitamani shule.

Na kama kuna anayesumbuliwa na swali la kiasi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi mazito. Kutembea kwa haraka kumo katika hesabu hiyo.

Sasa nije kwenye saa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Lamu inapoachana na kule ambako ratiba za mazoezi huandikwa. Ratiba hizo husema: chagua saa moja, ishike kila siku, mwili utazoea. Ni ushauri mwema kwa mtu wa Nairobi anayekimbilia kando ya lami. Lakini njia yetu iliyo nzuri kuliko zote hufunikwa na kufunuliwa na bahari mara mbili kila siku, na bahari haitazami saa ya ukutani. Leo maji yakijaa saa fulani, kesho yatachelewa kwa takriban dakika 50, na kesho kutwa vivyo hivyo.

Mwalimu mwenzangu mmoja wa kike aliazimia kukimbia kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kuanzia Shela na kufuata ule ufuo unaotazama bahari kuu. Juma la kwanza alikuta mchanga mgumu, umebanwa na maji, unyayo hauzami, na upepo wa asubuhi unampepea. Alifika kazini akicheka na kila mtu. Juma lililofuata, saa ile ile, viatu vile vile, alikuta bahari imepanda karibu na vilima, na ukanda uliomsalia ni mchanga mkavu unaomeza mguu hadi kifundoni. Akajilazimisha siku mbili. Siku ya tatu akageukia njiani. Siku ya nne hakutoka. Mwisho wa juma akaniambia, “Mwalimu, mimi mbio si zangu. Sina bidii.”

Sina bidii! Ndugu zangu, bidii ilikuwapo. Asichofanya ni kumuuliza mvuvi yeyote pale gatini, kwa sababu mvuvi angemjibu bila hata kuinua macho kwenye wavu wake kwamba juma lile lilikuwa la bamvua, yaani la maji makubwa. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, na siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, maji hapa kwetu hujaa sana kiasi cha saa kumi au kumi na moja alfajiri, na tena alasiri. Hupwa mbali kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Kwa hiyo anayetoka saa kumi na mbili hukuta bado ni maji makubwa. Siku za maji mafu, yaani maji yasiyopanda wala kushuka sana, mnamo tarehe saba, nane na tisa za mwezi wetu, na tena tarehe ishirini na mbili hadi ishirini na nne, mambo hugeuka: maji hujaa mchana na hupwa alfajiri, na ingawa hayaendi mbali, ufuo wa mapambazuko huwa wazi.

Mnaona basi tulivyobarikiwa? Kalenda ya mwezi inayotwambia siku ya kufunga na siku ya Idi ndiyo hiyo hiyo itakayotwambia siku ya kwenda ufuoni. Mwalimu yule sasa ameining'iniza jikoni kwake. Juma la maji mafu ni la ufuo, naye hukimbia mbali. Juma la bamvua hukimbia kidogo tu, kupitia Ndia Kuu, ile njia kuu ya mjini, kabla punda hawajaamka kazini, au hutembea na kupumzisha miguu. Makocha hupanga juma jepesi kila baada ya majuma kadhaa ili mwili upate kujijenga. Yeye mpango huo ameupata bila kumlipa mtu. Tangu hapo sijamsikia tena akisema neno bidii.

Nigusie upepo pia, kwa kuwa tuko hapo. Katika kusi, anayetoka mjini kwenda Shela huukabili upepo akiwa na nguvu, na hurudi ukimsukuma. Katika kaskazi ni kinyume: wakati wa kwenda upepo huwa mgongoni, huusikii, joto hukuzidi bila kujua, na wakati wa kurudi ndipo unapokutana nao uso kwa uso. Msimu huo geuka mapema kuliko moyo unavyotaka.

Kipimo kingine cha kuazima ni ushujaa, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu. Sote tumesimuliwa habari ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeshiriki marathoni ya Michezo ya Olimpiki kule Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji, na akaingia uwanjani akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, kuvuka mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Ninamheshimu mzee huyo, na kisa chake huwasimulia wanafunzi wangu.

Lakini ninyi mmetumwa na nani? Nauliza kwa adabu: ni nchi gani iliyokutuma wewe kumaliza kilomita tano za Jumamosi asubuhi? Akhwari alikuwa na siku moja katika maisha yake ya kufika pale, mbele ya dunia, na akaitumia. Mkimbiaji wa starehe ana kesho. Ana kesho kutwa. Ana miaka ishirini mbele yake, Mungu akipenda, na goti ni hilo hilo.

Nasema hivi kwa sababu ya kijana mmoja wa Shela aliyeanza kuumwa ugoko wa mguu wa kushoto. Alikuwa na desturi ya kukimbia ukingoni mwa maji wakati wa kwenda, na kutembea juu karibu na vilima wakati wa kurudi. Ufuo wetu umeinama kuelekea baharini; kwa hiyo kila alipokimbia, bahari ilikuwa kushotoni kwake, na mguu wa kushoto ulikuwa daima upande wa chini. Anayekimbia kwenda na kurudi kwa njia ile ile husawazisha miguu, lakini yeye hakusawazisha. Maumivu yalipoanza, wenzake walimpa habari za mashujaa, naye akakaza meno. Alikaza meno mpaka akawa hawezi kupanda ngazi za nyumba yao, na mbio akazisahau kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo naomba mshike haya. Uchovu wa misuli unaopungua ukishapasha mwili moto ni jambo la kawaida. Maumivu yanayokubadilisha mwendo, ukaanza kuchechemea, ni amri ya kusimama siku hiyo hiyo. Na maumivu ya mfupa yaliyo mahali pamoja, ambapo ukipabonyeza kwa kidole unaruka, na yanayoendelea hata ukiwa umelala, hayo ni ya kupelekwa hospitalini, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa. Kusimama kwa sababu hizo hakumpunguzii mtu heshima, na atakayekucheka mlete kwangu.

Nije sasa kwenye hesabu ya siku. Vijana wana mtindo wa kuhesabu siku mfululizo bila kukosa hata moja, na siku wanapokosa, iwe kwa harusi, kwa matanga, au kwa mvua ya masika, huona kwamba yote yamebomoka, wakaacha. Tena wengine wameshika kwamba mazoea hujengwa kwa siku 21. Mwaka 2010 mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujijengea tabia mpya ya kila siku. Wastani wa muda wa tabia kuzoeleka ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Na jambo ninalotaka mlibebe kwenda nalo nyumbani ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia ile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahunzi walilijua hilo zamani.

Katika mji wetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu tuna mwezi mzima ambao ratiba yote hubadilika. Ramadhani wako wanaotoka kidogo kabla ya Magharibi, ili wakirudi futari iwe tayari, na wako wanaongoja baada ya Tarawehe, wakiwa wamekwisha kunywa maji. Njia zote mbili zinafaa maadamu mwendo ni mwepesi na muda ni mfupi, na anayeona kizunguzungu asimame. Asiyeweza kukimbia kabisa mwezi huo asijilaumu. Tatizo letu halimo katika Ramadhani, limo katika Shawwal. Watu hurudi wakitaka kuanzia pale pale walipoachia, wanaumia au wanakata tamaa kwa siku tatu, kisha hatuwaoni mpaka mwaka mwingine. Rudini kwa nusu. Uliyekuwa ukienda hadi Shela na kurudi, geukia nusu ya njia kwa juma zima, hata ukijisikia una nguvu za kufika Kipungani.

Nimebakiwa na kipimo ambacho kina mama wanakijua kuliko sisi wanaume, nacho ni macho ya watu. Mwanamume akipita mbio huulizwa matokeo ya mpira. Mwanamke akipita mbio huulizwa, “Nani anakufukuza?” Nimeisikia kauli hiyo kwenye baraza zetu, na wanaoisema si watu wabaya, ni mazoea tu, lakini imewarudisha wengi ndani. Yuko mama mmoja, muuza viazi karai, aliyeambiwa na daktari kwamba sukari yake imeanza kupanda. Akavaa raba chini ya buibui, akamwita wifi yake, wakaanza kutoka baada ya Sala ya Alfajiri. Siku ya kwanza walipoulizwa nani anawafukuza, alijibu bila kusimama, “Hatufukuzwi. Sisi ndio tunaoifukuza sukari.” Baraza zima likacheka, na kuanzia siku hiyo wakawa wanaamkiwa kama watu wengine.

Kina mama hao wawili hawana simu inayotangaza kilomita. Nilipowauliza wanakwenda umbali gani, waliniambia kwamba wanakwenda mpaka habari za nyumbani ziishe. Siku zenye habari nyingi hufika Shela. Siku tulivu hugeuka mapema. Wifi mtu akilegea, mwenzake hubisha mlango, na mlango ukibishwa na wifi huwezi kujifanya hukusikia. Nimesoma mengi kuhusu namna ya kuilinda hamu ya mazoezi, na sijaona kilicho bora kuliko mlango unaobishwa.

Nimeulizwa kabla ya kikao kuhusu viatu, kwamba je, mtu akimbie peku ufuoni kama tulivyofanya utotoni? Inafaa, lakini kidogo kidogo, kwa sababu mguu uliozoea kiatu hauna nguvu ya kutosha katika shavu la mguu na katika kano ya kisigino, na mchanga laini huzivuta sana sehemu hizo. Anza kwa dakika chache mwishoni mwa mbio zako, kwenye mchanga mgumu, na uangalie vigae vya chupa na miiba ya samaki karibu na mahali wanapoparia.

Jumamosi ijayo, inshallah, maji yatakuwa mafu. Tutakutana hapa hapa mara baada ya Sala ya Alfajiri, tutakwenda Shela kwa mwendo wa gumzo, na wanaotembea wataondoka pamoja na wanaokimbia. Sasa napokea maswali, nikianza na mzee wetu aliyeinua bakora muda mrefu nami nikajifanya simuoni. Karibu, mzee wangu.